Toni za Kuresoi na Ramani ya Ubongo

Ramani ya kwanza ya makao ya lugha katika ubongo ilichorwa kwa kuwachunguza wagonjwa wa Ulaya waliopoteza usemi, na ndiyo maana swali la lugha za toni lilichelewa kuulizwa. Mnamo Aprili 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu Leborgne, mgonjwa wa hospitali ya Bicêtre ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa, akakuta kwamba sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto ilikuwa imeharibika. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza eneo lingine la nyuma zaidi, upande uleule wa kushoto, ambalo likidhurika mtu humimina maneno yasiyo na maana na haelewi vyema anayoambiwa.

Kuresoi, kwenye miinuko ya Mau katika Kaunti ya Nakuru, ingewapa mabingwa hao kazi ngumu zaidi. Huko husikika Kikipsigis, Kiogiek, Kikuyu na Kikisii, na mchanganyiko huo una historia yake chungu: Olenguruone, mojawapo ya maeneo yake, kwa mfano, ilipokea walowezi Wakikuyu chini ya mpango wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1941, nao walowezi hao baadaye waliishia kufukuzwa. Lugha zote hizo zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana, na katika Kikipsigis toni hubeba pia kazi ya sarufi. Katika Kiswahili, "mtoto amemwona Kibet" na "Kibet amemwona mtoto" hutofautishwa na mpangilio wa maneno. Katika Kikipsigis kitenzi hutangulia, majina mawili yanayofuata huweza kubadilishana nafasi, na ni toni ya jina inayomjulisha msikilizaji nani mtenda na nani mtendwa.

Je, ubongo huichukulia toni kama wimbo au kama neno? Wataalamu wengi waliuhusisha muziki na nusu ya kulia, lakini mwaka 1973 Diana Van Lancker na Victoria Fromkin waliwasikilizisha wasemaji wa Kitai sauti mbili tofauti kwa wakati mmoja, moja katika kila sikio, wakitegemea ukweli kwamba sikio la kulia hupeleka habari zake hasa katika nusu ya kushoto. Maneno yaliyotofautiana kwa toni tu yalisikika vizuri zaidi kwa sikio la kulia, ilhali toni zilezile zilipovumishwa bila maneno, ubora huo ulitoweka. Kwa maneno mengine, kinachoamua si sauti yenyewe bali kazi iliyopewa.

Hata hivyo, matokeo ya Kitai hayawezi kuhamishiwa Kuresoi hivihivi, kwa kuwa toni ya Kitai hutenganisha neno na neno, nayo ya Kikipsigis hupanga pia uhusiano wa maneno ndani ya sentensi. Tena mtoto wa Keringet, huko Kuresoi, aendaye sokoni hukutana na Kiswahili, ambamo kupanda kwa sauti mwishoni mwa "mama amekuja" hugeuza taarifa kuwa swali bila kugusa nani aliyetenda, hivyo ubongo uleule hulazimika kutambua kwanza ni lugha gani inayosemwa ndipo ujue kupanda huko kwa sauti kuna kazi gani.