Bwawa lao, maji ya nani?

1/ Uzi mfupi, wadau. Kampeni zikikaribia huku Kwale, hakosi mtu wa kupanda jukwaani akaahidi kuturudishia "maji yetu". Mimi nasomea siasa, kwa hivyo naanza na historia.

2/ Bwawa la Mukurumudzi lilijengwa na kampuni ya Base Titanium kwa ajili ya mgodi wake. Mgodi ulifunga kazi Desemba 2024. Lakini bwawa halihami na mitambo.

3/ Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji zimewekwa chini ya serikali kuu kama amana ya wananchi. Kampuni yaweza kumiliki ukuta. Mto si wake. Na mto huu unashuka hadi kwenye mikoko ya Gazi.

4/ Ila ukidai bwawa, beba na mzigo wake. Mei 9, 2018, bwawa la udongo la mtu binafsi kule Solai, Nakuru, lilipasuka usiku, wakati wa mvua kubwa. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao watoto na kina mama.

5/ Basi akija wa "maji yetu", muulize: ukuta utakaguliwa na nani kila masika, kwa pesa zipi? Akikwepa hilo, bado hajatuahidi kitu.