Lita ya Nyacheki na Mizani ya Zaka

Kenya haijawa na kodi inayoitwa ya kaboni, ila mwendeshaji bodaboda wa Nyacheki, Kisii, amekwisha kuionja kwa majina mengine. Septemba 2018 petroli na dizeli zilianza kutozwa VAT, ambayo mwezi huo huo ilitua kwenye asilimia 8, na mafuta taa yakabandikwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli. Julai 2023 VAT ikapanda hadi asilimia 16. Hakuna kati ya hizo iliyotungwa kwa ajili ya tabianchi, lakini zimekwisha kutuonyesha mzigo humwangukia nani. Mkulima wa chai huku Bobasi hulipia dizeli hata kama hana gari: lori hubeba majani yake hadi kiwandani, na gharama hutolewa kabla bonasi haijamfikia.

Mizani ninayoiona bora ya kugawa mzigo huo iko kwa Waislamu. Katika zaka ya mazao, shamba lililonyweshwa na mvua hutoa sehemu moja ya kumi; lililonyweshwa kwa maji ya kuteka hutoa nusu ya hiyo. Asiyefikisha nisabu, yaani kiwango cha chini cha mavuno, hatozwi. Nafaka ni ile ile, lakini sheria inauliza imepatikana kwa taabu gani. Kodi ya kaboni haiulizi: lita ni lita, iwe ya gari la starehe Nairobi au ya pikipiki inayomkimbiza mjamzito hospitalini usiku. Mbunge atasema bei ndiyo humfanya mtu abadili mwenendo. Abadili aende wapi? Mafuta taa yakipanda, mama hurudi kwenye kuni, na mti ndio unaolipa.

Wagusii walikuwa na risaga. Majirani walilimiana kwa zamu, mwenye shamba akawaandalia chakula na pombe. Jasho ulilotoa leo lilikurudia msimu wako, mbele ya macho ya wote. British Columbia, Kanada, ilikaribia hapo: kodi yake ya kaboni ya 2008 ilirudishwa kwa kupunguza kodi nyingine na kuwalipa wenye kipato kidogo, na baadaye wenye nyumba wa vijijini wakaongezewa hadi dola 200 kwa mwaka. Mpangaji, hata hivyo, aliachwa nje ya nyongeza hiyo. Nchini Ufaransa, sehemu kubwa ya pesa za kodi kama hiyo ilibaki hazina, na Novemba 2018 watu waliokaa mbali na treni wakajaza barabara wakiwa na vizibao vya manjano. Nyongeza ya kodi hiyo ya 2019 ikasimamishwa.

Azimio la Nairobi la viongozi wa Afrika, Septemba 2023, lilidai kodi ya kaboni ya dunia itakayogusa biashara ya mafuta, meli na ndege. Naliunga mkono. Lakini Serikali inayodai haki hiyo ugenini iidai pia nyumbani: ianze na anayepanda ndege, na siku itakapomfikia mwenye pikipiki, pesa zirudi kwake kwa simu. Njia ya kuwafikia wanyonge ipo. Mpango wa Serikali wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi.