Kuongeza kasi ya prosesa: soma kwanza kabla hujamlipa fundi

Kila prosesa hutoka kiwandani na kasi yake. Ya GHz 3.2 inapiga mizunguko bilioni 3.2 kwa sekunde. Kuongeza kasi ni kuingia kwenye BIOS na kuilazimisha ipite hapo.

Je, yako inakubali?
Angalia jina lake. Intel zinazoishia na K, mfano i7-8700K, zimefunguliwa, ila zinataka mazabodi yenye chipseti ya Z. AMD Ryzen nyingi ziko wazi. Lakini zile Dell na HP za mtumba kutoka maofisini, zilizojaa kwenye steshenari zetu, karibu zote zimefungwa. Fundi akitaka hela aipandishe kasi i5-4570 ya ofisini, usimpe.

Hatari yake
Kasi ikipanda, mara nyingi volteji nayo inapandishwa. Volteji ikiongezeka kwa asilimia 10 tu, umeme unaoliwa unapanda kama asilimia 21, na wote unageuka joto. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi zenyewe, au mashine inazima. Hapo umepata hasara. Kwa vumbi la Geita wakati wa kiangazi, feni ikiziba unafika huko haraka.

Fanya hivi kwanza
Safisha feni, badilisha krimu ya kupoozea prosesa, ongeza RAM, na weka SSD badala ya hadi diski. Kwa mashine ya zamani, SSD peke yake utaiona tofauti siku hiyo hiyo.