Hatia, Aibu na Chimbuko la Uovu katika Filamu Mbili za Marekani, 1973–1976

Filamu mbili za kutisha zilizotolewa Marekani katika kipindi cha miaka mitatu zinatofautiana juu ya chimbuko la uovu. Katika The Exorcist (1973), iliyoongozwa na William Friedkin kutokana na riwaya ya William Peter Blatty, uovu ni pepo atokaye nje na kumpagaa binti wa miaka 12. Silaha yake dhidi ya Padre Karras ni hatia: padre anajilaumu kwa kuwa mama yake alifariki peke yake, na pepo anaiga sauti ya marehemu ili kumvunja. Hata hivyo, hatia hiyo ina tiba. Karras anajitoa badala ya binti, na akiwa katika kukata roho anapewa maondoleo ya dhambi na padre mwenzake.

Carrie (1976) ya Brian De Palma, iliyotokana na riwaya ya Stephen King, haina pepo wa kupungwa. Margaret White anaichukulia hedhi ya kwanza ya bintiye kuwa alama ya dhambi, kisha anamfungia kabatini asali. Hatia huambatana na tendo, hivyo huungamwa. Aibu humwambata mtu mwenyewe, naye Carrie hana tendo la kuungama. Kwa kuwa mama anaiona dhambi katika nafsi ya bintiye, njia ya kuiondoa inabaki kumwondoa binti: anamkumbatia katika sala na kumchoma kisu. Dini inayofukuza uovu katika filamu ya kwanza, ikikosa msamaha, inauzaa katika ya pili.