Discovery: safari 39 za angani, kisha makumbusho

Machi 9, 2011, muda mfupi kabla ya saa sita mchana kwa saa za Florida, chombo cha anga Discovery kilitua katika Kituo cha Anga cha Kennedy kikiwa na wanaanga sita chini ya uongozi wa Steven Lindsey. Ilikuwa safari yake ya 39, na ya mwisho. Katika miaka 27 ya utumishi, chombo hicho kilikaa angani jumla ya siku 365, kikaizunguka dunia mara 5,830 na kukata masafa ya takriban kilomita milioni 238. Kati ya vyombo vitano vya aina yake vilivyowahi kupeleka watu angani kwa niaba ya NASA, hakuna kilichofanya kazi nyingi kuliko Discovery.

Kabla ya vyombo hivyo, Wamarekani waliokwenda angani walirudi ndani ya kapsuli ndogo iliyotua baharini kwa miavuli, na roketi iliyowapeleka haikutumika tena. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon aliidhinisha ujenzi wa chombo cha aina nyingine: kipae kama roketi, kikae angani siku kadhaa, kisha kitue uwanjani kama ndege na kuandaliwa kwa safari nyingine. Hoja kubwa ilikuwa gharama. Wapangaji walihesabu safari makumi kwa mwaka na bei inayozidi kushuka. Mambo hayakwenda hivyo. Hata mwaka 1985, ambao ulikuwa na safari nyingi kuliko mwaka mwingine wowote wa mpango huo, vyombo vyote kwa pamoja vilipaa mara tisa tu.

Discovery kiliunganishwa Palmdale, California, na kupewa jina lililowahi kubebwa na merikebu za wavumbuzi, ikiwemo moja ya James Cook. Mwanzo wake ulikuwa wa mashaka. Juni 26, 1984, wanaanga wakiwa wamekwisha kufungwa mikanda na injini zimeanza kuwaka, kompyuta iligundua hitilafu na kuzizima zikiwa zimebaki sekunde nne chombo kipae. Safari ilifanyika Agosti 30 mwaka huohuo, na setilaiti tatu za mawasiliano zikaachwa angani.

Kilikuwa na urefu wa mita 37, na mita 24 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Kilipaa kikiwa kimeegemezwa kwenye tangi kubwa la mafuta, huku roketi mbili pembeni zikikisukuma kwa dakika mbili za mwanzo. Dakika nane na nusu baada ya kuondoka kilikuwa kimeshafika angani. Kurudi ndiko kulikotisha zaidi, kwa sababu kilishuka bila nguvu ya injini. Rubani alikuwa na nafasi moja tu ya kutua; akikosea hesabu, hakuna kupaa tena na kuzunguka uwanja. Bara letu nalo lilihusika: kwa miaka kadhaa uwanja wa ndege wa Banjul, Gambia, uliwekwa tayari kupokea chombo iwapo injini ingezimika mapema juu ya Atlantiki. Haukuwahi kuhitajika.

Lakini neno zito katika historia hii ni kutumika tena, na uzito wake ulibebwa na mafundi. Mwili wa Discovery ulifunikwa vigae vipatavyo 24,000 vya kuukinga na joto la kurudi duniani. Kigae kilitengenezwa kwa nyuzi laini za silika, na zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni hewa tupu, hivyo kilikuwa chepesi ajabu mkononi. Joto lilipita ndani yake polepole kiasi kwamba fundi aliweza kukitoa tanurini kikiwa bado chekundu katikati, akakishika pembeni kwa vidole vitupu. Kila kimoja kilichongwa kwa umbo la mahali pake na kuandikwa namba, kwa kuwa kilichokaa puani hakikuweza kukaa chini ya bawa. Vyote vilibandikwa kwa mkono.

Chombo kilipotoka angani, mafundi walipita chini ya tumbo lake wakikagua kigae baada ya kigae. Vilivyoharibika walivibandua na kuweka vipya. Vilivyobaki walividunga dawa ya kuzuia maji. Ilikuwa kazi ya majuma na miezi, kama jahazi linavyopandishwa pwani na kutiwa kalafati kabla ya kurudi majini. Hata ndege wa porini waliwaongezea kazi: mwaka 1995 vigong'ota walitoboa matundu yapatayo 200 katika povu linalofunika tangi la mafuta, safari ikaahirishwa, na chombo kikarudishwa karakanani.

Orodha ya waliopanda Discovery inaonyesha jinsi mlango wa anga ulivyofunguka kidogo kidogo. Juni 1985, katika siku za mwisho za Ramadhani, alisafiri Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, Mwarabu wa kwanza na Mwislamu wa kwanza kufika angani. Mwaka 1989 Frederick Gregory akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza chombo cha anga. Februari 1994 alipanda Sergei Krikalev, Mrusi wa kwanza katika vyombo hivi, miaka michache tu baada ya vita baridi. Mwaka uliofuata Eileen Collins akawa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa chombo cha aina hiyo. Na Oktoba 1998 John Glenn, aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia mwaka 1962, alirudi angani akiwa na miaka 77.

Mzigo mashuhuri zaidi wa Discovery ulipaa Aprili 24, 1990: darubini ya Hubble. Kioo chake kikubwa kilikuwa kimesuguliwa vibaya kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, na picha za kwanza zikatoka na ukungu. Wanaanga wa chombo kingine, Endeavour, walikwenda kuirekebisha Desemba 1993, na Discovery chenyewe kikairudia mwaka 1997 na 1999 kubadilisha vifaa vyake. Kama vyombo hivi vingekuwa vya kwenda mara moja, Hubble ingebaki aibu. Leo ni miongoni mwa vifaa vilivyobadilisha sayansi ya nyota.

Hayo yote yalikuwa na bei yake. Januari 28, 1986, chombo cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kupaa, kwa sababu mpira wa kuziba maungio ya roketi ulishindwa kufanya kazi katika baridi ya asubuhi ile. Februari 1, 2003, Columbia kilivunjika kikirudi, baada ya kipande cha povu la tangi kutoboa bawa lake wakati wa kupaa. Watu 14 walifariki katika ajali hizo mbili. Mara zote mbili, chombo kilichochaguliwa kuanza upya safari kilikuwa Discovery: Septemba 1988 kikiongozwa na Frederick Hauck, na Julai 2005 kikiongozwa na Collins. Katika safari hiyo ya 2005 mwanaanga Stephen Robinson alipelekwa chini ya tumbo la chombo kwa mkono wa mashine, akachomoa kwa vidole vipande viwili vya kitambaa vilivyokuwa vimechomoza kati ya vigae. Kabla yake hakuna aliyewahi kufanya matengenezo pale chombo kikiwa angani.

Baada ya kustaafu, mafundi waliondoa kemikali zenye sumu na injini zake tatu, wakaweka midomo ya mfano mahali pa injini. Aprili 17, 2012, kikiwa mgongoni mwa ndege ya Boeing 747, Discovery kilizungushwa juu ya Washington huku maelfu ya watu wakikitazama. Siku mbili baadaye kilikabidhiwa kwa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian, katika jengo la Udvar-Hazy lililoko Virginia, jirani na uwanja wa ndege wa Dulles. Glenn alikuwapo, akiwa na miaka 90. Hakikupakwa rangi upya. Alama za moto bado zinaonekana ubavuni, na vigae vyeusi vya zamani vimepauka kando ya vipya. Mgeni anasoma kazi ya mafundi kwa macho yake.

Mwaka 2025 utulivu huo uliingia mashakani. Sheria iliyotiwa saini Julai 4 ilitenga dola milioni 85 kwa ajili ya kuhamisha chombo kilichowahi kubeba watu angani. Haikukitaja Discovery kwa jina, lakini maseneta wa Texas walioisukuma, John Cornyn na Ted Cruz, walikitaka kiende Houston. Madai ya Houston yana msingi: huko ndiko wanaanga walikofunzwa na ndiko kila safari ilikosimamiwa. Smithsonian ilijibu kuwa chombo ni mali yake, na ikaonya kuwa huenda kikalazimika kukatwa au kufunguliwa ili kisafirishwe. Ndege mbili za kukibeba zimeshastaafu, na mojawapo ni kivutio cha makumbusho hukohuko Houston.

Houston inastahili heshima yake, na zipo njia za kuipa. Kukikata chombo hiki si mojawapo. Thamani ya Discovery ni kwamba kilirudi kizima mara 39 kwa sababu mafundi walikataa kupuuza hata kigae kimoja. Wenye mamlaka wakiache kilipo, kikiwa kizima, na mtu yeyote anayefika Virginia aingie kukitazama. Kiingilio ni bure.