Wafu Wawili, Jeneza Moja

Tarehe 24 Machi 1970, katika ukumbi wa kampuni ya uchapishaji ya Kodansha jijini Tokyo, watu wapatao 700 walikusanyika kumzika bondia ambaye hakuwahi kuzaliwa. Rikiishi Tōru alikuwa mhusika wa hadithi ya katuni, Ashita no Joe, iliyokuwa ikitoka kila wiki katika jarida la vijana. Watunzi wake walimuua baada ya pambano lake na Joe, na wasomaji hawakukubali yaishe hivi hivi. Mshairi na mwanatamthilia Terayama Shūji akaandaa mazishi. Ulingo ukasimamishwa, mtawa wa Kibudha akasoma sala, kengele ikagongwa mara kumi kama desturi ya ndondi ya kumuaga bondia aliyefariki. Wiki iliyofuata hadithi hiyo ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni, na watoto wa Japani wakaanza kumfuatilia upya mtu ambaye kaka zao walikuwa wametoka kumzika.

Ukicheka, cheka, lakini wale watu hawakuwa wendawazimu. Walifanya hadharani jambo ambalo sisi wengine hulifanya chinichini. Shujaa wa utotoni hatufikii kama mtu. Hutufikia kama mwendo, sauti, namna ya kuvaa kofia, namna ya kuupokea mpira kwa kifua. Mtu mwenyewe, mwenye wake na madeni na kisukari, tunakuja kumjua siku ya tangazo la kifo. Basi kila msiba wa namna hii una wafu wawili, mtu na sura yake, na mila hutofautiana kwa yupi anayepewa mazishi.

Chukua Kenya. Benson Wanjau alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, na kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kulitia maanani jina hilo. Waliyemjua ni Mzee Ojwang', wa vipindi vya televisheni Vitimbi na Vioja Mahakamani: nywele na ndevu zilizotiwa weupe, Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na ubishi usiokwisha kati yake na Mama Kayai, mkewe wa kwenye kipindi. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Kwa zaidi ya miaka 30 Mkikuyu huyu aliingia kila nyumba yenye televisheni akiwa Mjaluo, tena katika nchi ambako jina la ukoo linaweza kukufungulia mlango au kukufungia, na watoto hawakuona ajabu yoyote. Alizikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi.

Hapo pana swali ambalo Mjaluo halipiti bila kusimama. Mjaluo wa umri na heshima ya Ojwang' hurudishwa nyumbani. Wakenya wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na asizikwe hadi Mei 1987, kwa sababu mjane wake na ukoo wake walivutana mahakamani juu ya ardhi itakayompokea. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga. Sasa Ojwang' azikwe wapi? Wanjau ana kaburi lake. Ojwang' hana, na hakuna ukoo uliokwenda mahakamani kumdai. Yeye alibaki kwa walioweza kumwiga, na nchi nzima ilikuwa inaweza.

Muhammad Ali aliyapanga mazishi yake mwenyewe miaka kadhaa kabla ya kufariki tarehe 3 Juni 2016, na alipanga kama mtu anayejua kwamba wako wawili. Tarehe 9 Juni ilikuwa zamu ya Muislamu: sala ya jeneza mjini Louisville, safu zilizonyooka, bingwa wa dunia akiombewa maneno yale yale anayoombewa muuza samaki wa Forodhani. Kesho yake ikawa zamu ya sura. Gari lenye jeneza lilizunguka mji, likapita mtaa aliokulia, watu wakilirushia maua na kuliitia jina lake, kabla ya maziko katika makaburi ya Cave Hill. Makelele yale Afrika inayafahamu. Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, uwanja mzima ulimwimbia kwa Kilingala ammalize George Foreman, naye akammaliza raundi ya nane.

Msimamo wa Ali juu ya sanamu na majina haukuyumba. Walipompa nyota ya heshima Hollywood mwaka 2002, alikataa isitiwe sakafuni kama za wenzake, maana jina la Mtume halikanyagwi. Ikabandikwa ukutani. Mtu wa namna hiyo ungedhani angeacha wosia kwamba sura yake ifutike kimya kimya. Lakini kwenye hafla ya kumbukumbu ya tarehe 10 akasimama Billy Crystal, mchekeshaji Myahudi ambaye tangu 1974 alijulikana kwa kumwiga Ali. Mbele ya mjane, watoto, mashehe na rais mstaafu Bill Clinton, Crystal akaanza kumwiga marehemu pamoja na mtangazaji Howard Cosell. Sauti ya Ali ikatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, jeneza likiwa limeshafukiwa siku ile ile. Ukumbi ukaangua kicheko.

Wapo walioona ni utovu wa adabu. Mimi nilipoiona kwenye televisheni nilisema moyoni: huyu ni mtani.

Maana katika mila za Tanzania jambo hili lina mwenyewe. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi au Msukuma aliye mtani wake haji msibani kulia. Anakuja kudai. Analizuia jeneza njiani mpaka apewe hela, analala kwenye mwanandani na kukataa kutoka, anavaa kanzu ya marehemu na kupita nayo uani akikohoa kama alivyokuwa akikohoa marehemu, akimgombeza mjane kwa sauti ile ile kuhusu chai isiyo na sukari. Wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Ndugu wa damu hana ruhusa hiyo. Mtani anayo, na ni kazi anayotegemewa aifanye. Kwa hiyo msiba wa Kizaramo umegawa majukumu. Shehe na ndugu wanamshughulikia mtu. Sura ni ya mtani.

Ndiyo maana nadhani Waswahili tuna njia ya kuwaaga mashujaa wa televisheni iliyo nzuri kuliko sanamu yoyote, ingawa hatuiiti hivyo. Mchekeshaji Amri Athumani, King Majuto, alipofariki tarehe 8 Agosti 2018, alizikwa kwao Tanga kama Muislamu yeyote, bila mbwembwe kaburini. Lakini kwenye simu na vijiweni alikuwa anaendelea: vipande vya vichekesho vyake vikizunguka, na wanaume wazima wakimwigiza mzee mjuaji anayejitia mkali kumbe ameshanaswa. Mtu mmoja anaanza, mwenzake anadakia sehemu ya mchekeshaji mwingine, Sharo Milionea, ambaye naye alikwisha tangulia mwaka 2012 kwa ajali ya gari huko huko mkoani Tanga. Waliofanya hivyo hawakuwa na undugu naye wala utani wa kabila. Utoto mbele ya kideo cha mtaa ulikuwa umewapa ruhusa hiyo.

Napoli wameshika njia nyingine kabisa. Diego Maradona alifariki tarehe 25 Novemba 2020 na kuzikwa kesho yake karibu na Buenos Aires, kwa hiyo mwili Napoli hawakuupata. Sura walikuwa nayo siku nyingi, na waliitunza kwa desturi walizokuwa nazo tayari, desturi za Kikatoliki za kuwatunza watakatifu. Katika baa moja ya mji mkongwe kuna kimeza cha ibada chenye unywele unaosemekana ni wake. Uwanja uliokuwa ukiitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo ulipewa jina la Maradona Desemba ile ile, na mtume akampisha mchezaji. Katika mitaa ya Quartieri Spagnoli kuna ghorofa lililochorwa umbo lake mwaka 1990, baada ya ubingwa wa pili wa klabu ya Napoli. Baadaye mwenye nyumba akatoboa dirisha pale pale penye uso, kwa hiyo uso ukachorwa upya juu ya mbao za dirisha. Mwenyeji akilifungua apate hewa, Maradona hana kichwa.

Nalipenda dirisha lile, lakini ukuta ule una jambo ambalo mtani hana. Mtoto wa Napoli aliyezaliwa mwaka 2015 anakua akiuona kila akienda shule. Mtani anahitaji hadhira iliyomjua marehemu; kikohozi cha marehemu hakimchekeshi asiyewahi kukisikia. Kizazi kilichoijua sura kikiondoka, mwigaji anabaki mzee anayejikoholea.

Lakini si kila mwigo huishia hapo. Mwanasoka Joe Kadenge alifariki tarehe 7 Julai 2019. Wakenya wengi waliolia hawakuwahi kumwona akicheza. Walimsikia redioni, katika ule mwito wa "Kadenge na mpira" unaohusishwa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wakautoa redioni wakaupeleka kichochoroni. Mtoto alikuwa akikimbia na mpira wa makaratasi huku akijitangaza mwenyewe, ni Kadenge miguuni na Mbotela kinywani kwa wakati mmoja. Mbotela naye akafariki tarehe 7 Februari 2025. Mwito ungali unasikika Nairobi, hata kwa makondakta na wauza mitumba, na wengi wanaoutumia wanajua tu kwamba mtu fulani ameshika kitu na hakuna wa kumnyang'anya. Ukiwauliza Kadenge alichezea timu gani, watakuangalia.