Mwalimu Mkutubi

Miongoni mwa istilahi za shule za Australia na Kanada iko moja, “teacher librarian”, ambayo aghalabu hufasiriwa kwa haraka kuwa “mwalimu wa maktaba”, na tafsiri hiyo, ijapokuwa ni nyepesi ulimini, haitimizi maana iliyokusudiwa. Kwani mwalimu wa maktaba aweza kuwa yeyote aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha vitabu baada ya kumaliza vipindi vyake, ilhali anayetajwa na istilahi ni mtu mmoja mwenye taaluma mbili, ualimu na ukutubi, na kila moja ameisomea na kufuzu. Ndiyo maana nimekhiari “mwalimu mkutubi”, majina mawili yaliyowekwa bega kwa bega kama tusemavyo fundi seremala.

Nchini Australia jumuiya ya wakutubi na ile ya maktaba za shule zimekubaliana kwamba hastahiki jina hilo ila mwenye sifa za ualimu zinazotambulikana na, juu yake, taaluma ya ukutubi. Na wengi huipata hii ya pili wakiwa wamekwisha kuajiriwa, kwa masomo ya mbali kama yatolewayo na Chuo Kikuu cha Charles Sturt. Kuainisha vitabu na kutengeneza katalogi ni elimu ya mkutubi. Lakini kumtambua mtoto asomaye kwa shida, na kukaa na mwalimu wa historia wakapanga somo ambalo wanafunzi watalitafutia hoja wao wenyewe, ni kazi ya mwalimu. Hata huko, sharti hili halitimizwi kila mahali: kamati ya Bunge iliyotoa ripoti yake mwaka 2011 ilikiri upungufu wa watu hawa, na katika shule za msingi za New South Wales mwalimu mkutubi hutumiwa kushika darasa ili mwenziwe apate wasaa wa kuandaa masomo, jambo ambalo, kwa rai yangu, ni kuajiri taaluma mbili na kuitumia moja.

Kwetu Tanzania elimu hizo zina milango mbalimbali: mwalimu hutoka chuo cha ualimu, na mkutubi, mathalani, hutoka Bagamoyo, katika chuo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Basi mwalimu wa jiografia aliyepewa ufunguo na aitwe mwalimu msimamizi wa maktaba, wala hapana aibu katika jina hilo. Lakini tangazo la kazi likiandika “mwalimu mkutubi”, mwombaji alete vyeti viwili.